Jinsi Asidi za Mafuta Zinavyovusha Protoni Katika Utando wa Lipidi: Mwongozo Kamili wa Kupima kwa Kutumia Liposomu

Ukidondosha mikrolita 2 za asidi oleiki katika kuveti (kichupa cha kupimia mwanga) yenye liposomu, yaani viputo vidogo vya utando wa lipidi, zilizojazwa piranini, rangi inayoonyesha pH, pH ya ndani ya liposomu hizo hushuka kabla hujaurudisha mkono wako mezani. Mshuko huo ni wa kweli, nao hujirudia kila mara jaribio linapofanywa kwa usafi. Frits Kamp na James A. Hamilton wa Boston waliuchapisha mwaka 1992, na tangu hapo wanabiokemia wengi wameacha kudhani kwamba asidi ya mafuta haiwezi kuuvuka utando bila kubebwa na protini. Hata hivyo, mshuko huohuo umewapoteza wanafunzi wengi, kwa kuwa wanauona na papo hapo wanaandika kwamba asidi ya mafuta imeufanya utando uvuje. Protoni kuvuka mara moja ni jambo moja, na utando kuvuja protoni mfululizo ni jambo jingine. Mwongozo huu umeandikwa ili uweze kuyatenganisha mambo hayo mawili kwa vipimo.

Kinachotokea ndani ya utando

Utando wa fosfolipidi una tabaka mbili, la nje na la ndani, na unene wake wote ni kama nanomita 4. Sodiamu na potasiamu hupita humo kwa shida kubwa: kipimo cha upenyaji wa sodiamu huwa karibu na 10⁻¹² sentimita kwa sekunde au chini ya hapo. Protoni haifuati kawaida hiyo. Vipimo vingi vya upenyaji wake huangukia kati ya 10⁻⁶ na 10⁻⁴, yaani mara mamilioni kadhaa zaidi, na sababu yake imebishaniwa kwa muda mrefu. Mwaka 1987 John Gutknecht aliliuliza swali hilo waziwazi: je, protoni hupita katika nyuzi za molekuli za maji zilizojipanga ndani ya mafuta, au hubebwa na asidi dhaifu zilizojificha humo kama uchafu? Swali lake linamhusu moja kwa moja kila anayepima, kwa sababu lipidi yoyote iliyokaa vibaya hutoa asidi za mafuta yenyewe, na hivyo kiungo unachotaka kukichunguza huenda kimo katika chupa yako tayari.

Asidi ya mafuta ina mkia mrefu wa kaboni na kichwa cha kaboksili kinachoweza kushika protoni au kuiachia. Ndani ya maji, nusu ya vichwa hivyo huwa vimeachia protoni pH ikiwa kama 4.8. Ikiingia katika utando wa fosfatidilikolini, kiwango hicho, yaani pKa, hupanda hadi karibu 7.5, kwa kuwa chaji hasi haistareheki pembeni mwa mafuta. Matokeo yake ni kwamba katika pH ya 7.4, ambayo ni pH ya damu yetu, takriban nusu ya molekuli zilizomo katika utando zina protoni na hazina chaji, na nusu nyingine zina chaji hasi.

Molekuli isiyo na chaji hupinduka kutoka tabaka la nje kwenda la ndani kwa wepesi mkubwa. Ikifika ndani hukutana na maji ya upande huo, na baadhi ya molekuli zilizovuka huachia protoni zao hapo hadi uwiano wa nusu kwa nusu urejee. Protoni imeingia, na hakuna chaji hata moja iliyovuka peke yake. Ili molekuli ileile ibebe protoni nyingine kutoka nje, ni lazima kwanza irudi nje ikiwa na chaji hasi bila protoni, na safari hiyo ya kurudi katika utando usio na protini ni ya polepole sana ikilinganishwa na ile ya kuja. Kwa hiyo utando wa lipidi tupu hupata msukumo mmoja wa protoni na kisha hutulia. Mzunguko kamili wa kwenda na kurudi ndio unaostahili kuitwa uvujaji.

Hatua ya kwanza: fanya hesabu kabla ya kugusa pipeti

Ninaisisitiza hatua hii kuliko nyingine zote, kwa kuwa ndiyo inayorukwa mara nyingi, na asiyeifanya hawezi kujua kama mshuko anaouona ni mkubwa au mdogo.

Chukua liposomu yenye kipenyo cha nanomita 100. Nusu kipenyo cha nje ni 50, na ukitoa unene wa utando, nusu kipenyo cha ndani ni 46. Ujazo wa ndani unakuwa kama 4.1 × 10⁻¹⁹ ya lita. Eneo la tabaka zote mbili kwa pamoja ni karibu nanomita mraba 58,000, na kwa kuwa kila fosfolipidi huchukua kama 0.7 ya nanomita mraba, liposomu moja ina lipidi zipatazo 83,000. Kutokana na namba hizo, kila mililita ya mchanganyiko wenye milimola 1 ya lipidi kwa lita ina kama mikrolita 3 tu za maji yaliyofungiwa ndani ya liposomu.

Sasa jiulize ni protoni ngapi huru zilizomo ndani ya liposomu moja katika pH 7.4. Jibu ni 0.01 hivi. Ndiyo kusema, katika kila liposomu 100 kuna protoni huru moja. Namba hii huwashangaza wengi wanapoikokotoa kwa mara ya kwanza, na inafaa kuwashangaza, kwa maana inaonyesha kwamba pH unayoisoma haitokani na idadi ya protoni zilizoingia peke yake, bali inatawaliwa na bafa iliyomo ndani, yaani kemikali inayozuia pH isibadilike kwa urahisi. Ukiweka bafa iitwayo HEPES ya milimola 20 kwa lita, kila liposomu inapata molekuli za bafa karibu 4,900, na kuishusha pH yake kwa kizio kimoja kunahitaji protoni kama 2,800.

Ongeza asidi oleiki kiasi cha asilimia 1 ya mola za lipidi, yaani molekuli 830 kwa kila liposomu. Zikigawanyika sawasawa baina ya tabaka mbili, 415 huishia ndani, na nusu ya hizo, kama 207, huachia protoni. Gawanya 207 kwa 2,800 upate mshuko wa kama 0.07 ya kizio cha pH. Hicho ndicho kikomo cha juu cha msukumo mmoja katika hali hizo. Ukipunguza HEPES hadi milimola 5, mshuko unaotarajiwa hukaribia 0.3, ingawa kwa kweli utakuwa pungufu kidogo, kwa sababu kadiri ndani kunavyozidi kuwa na asidi ndivyo molekuli nyingi zaidi zinavyobaki na protoni zao, na piranini yenyewe nayo hufanya kazi ya bafa. Andika namba yako katika daftari. Mshuko ukiizidi kwa mbali, kuna kitu kingine kinachopitisha protoni, au kuna kosa.

Hatua ya pili: andaa bafa na vifaa

Tengeneza bafa yenye HEPES ya milimola 20, salfeti ya potasiamu ya milimola 50 na EDTA ya milimola 0.1, kisha irekebishe kwa hidroksidi ya potasiamu hadi pH 7.4 katika halijoto ileile utakayopimia. Salfeti ninaichagua badala ya kloridi, kwa kuwa kloridi inaweza kuungana na protoni na kuvuka ikiwa haina chaji, na hapo ungekuwa na mbebaji mwingine usiyemtaka. EDTA inaondoa kalisi, ambayo hushikana na asidi ya mafuta na kufanya sabuni isiyoyeyuka, ileile inayoonekana kama utando mweupe mtu anapofulia maji ya chumvi.

Tumia vioo kila inapowezekana. Asidi ya mafuta hung'ang'ania plastiki, na hubaki pia katika kuta za kuveti na katika sumaku ya kukorogea. Mimi mwenyewe nilipoteza karibu wiki mbili nikishangaa kwa nini liposomu zangu zinashuka pH baada ya kuwekewa ethanoli tupu, hadi nilipogundua kwamba asidi ilitoka katika sumaku iliyotumika asubuhi. Tangu siku hiyo kuveti na sumaku huoshwa kwa ethanoli mara tatu baada ya kila jaribio, kisha kwa maji yaliyochujwa, na jaribio la ethanoli tupu hufanywa kila siku kabla ya mengine.

Hatua ya tatu: tengeneza liposomu

Chagua lipidi moja inayojulikana muundo wake, kama vile POPC (fosfatidilikolini ya aina moja tu), badala ya fosfatidilikolini ya kiini cha yai, ambayo ni mchanganyiko. POPC huwa laini hata karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, hivyo inaminyika vizuri katika joto la chumbani. Miligramu 10 ni kama mikromola 13. Yeyusha katika klorofomu ndani ya chupa ya kioo yenye tako la mviringo, ukaushe kwa mkondo mwembamba wa nitrojeni huku ukizungusha ili kubaki na utando mwembamba ukutani, kisha uiache chupa katika ombwe kwa saa mbili au zaidi, kwa kuwa mabaki ya klorofomu hulegeza utando.

Ongeza mililita 1 ya bafa iliyotiwa piranini ya milimola 0.5, utikise hadi utando wote uachane na kioo, kisha gandisha na kuyeyusha mara tano hadi kumi. Nitrojeni ya maji inayotumika kuhifadhi mbegu za ng'ombe kwa ajili ya uhimilishaji inafaa kabisa kwa kazi hii. Baada ya hapo minya mchanganyiko kupitia kichujio cha polikaboneti chenye matundu ya nanomita 100, mara 21. Idadi iwe witiri, ili mchanganyiko uishie katika bomba la upande wa pili na usichanganyike na matone ambayo hayakupita kabisa.

Ondoa rangi iliyobaki nje kwa kupitisha mchanganyiko katika safu ya Sephadex G-25 (chembe za jeli zinazochelewesha molekuli ndogo) iliyooshwa kwa bafa isiyo na rangi. Liposomu hutoka kwanza zikiwa na rangi hafifu ya kijanikibichi, na rangi huru hubaki nyuma ikishuka taratibu. Acha nafasi ya kutosha baina ya makundi hayo mawili, na usiwe na tamaa ya matone ya mwisho ya kundi la kwanza. Zitumie liposomu ndani ya siku mbili, ukizihifadhi katika ubaridi bila kuzigandisha.

Hatua ya nne: fundisha piranini kusoma pH

Piranini ina vikundi vitatu vya salfoneti vyenye chaji hasi, na ndiyo maana haitoki ndani ya liposomu. Kikundi chake cha hidroksili huachia protoni kwa pKa ya kama 7.2, na ikiachia hunyonya mwanga wa nanomita 455 hivi; ikiwa na protoni hunyonya zaidi karibu na 405. Katika hali zote mbili hutoa mwanga wa kijani karibu na nanomita 510. Kwa hiyo pima uwiano wa mwanga unaotoka ukiangaza kwa 455 na ukiangaza kwa 405. Uwiano huo hautegemei sana wingi wa rangi, wala kupauka kwake, wala idadi ya liposomu zilizoingia katika kuveti.

Ili kuugeuza uwiano kuwa pH, weka mililita 2 za bafa zenye liposomu katika kuveti, lipidi ikiwa milimola 0.2 kwa lita, kisha ongeza nigerisini hadi mikromola 1. Nigerisini hubadilishana protoni na potasiamu, na kwa kuwa potasiamu ni sawa ndani na nje, pH za pande mbili husawazishwa. Ongeza asidi ya salfuriki au hidroksidi ya potasiamu kidogo kidogo, usome pH ya nje kwa elektrodi na uwiano kwa fluorimeta (kipima mwanga unaotolewa na rangi), kuanzia pH 6.5 hadi 8.2, na uchore mkunjo. Nigerisini nayo hung'ang'ania kioo, tena kwa ukaidi. Tenga kuveti moja kwa ajili yake, uiwekee alama, na usiitumie kwa jambo jingine lolote.

Kabla ya kuendelea, chukua liposomu mpya zisizo na nigerisini, uongeze tone dogo la hidroksidi. Sehemu ya uwiano inayoruka papo hapo inatokana na rangi iliyobaki nje, na inayopanda taratibu inatoka ndani. Kama mruko wa papo hapo ni mkubwa, rudi kwenye safu.

Hatua ya tano: jaribio lenyewe

Andaa asidi oleiki ya milimola 2 kwa lita katika ethanoli. Uzito wa mola ni gramu 282.5, hivyo unahitaji kama miligramu 0.57 kwa kila mililita. Ni rahisi zaidi kupima kiasi kikubwa na kukipunguza ukali kwa hatua. Ihifadhi katika kioo, chini ya nitrojeni, gizani.

Katika kuveti yenye mililita 2 za liposomu zilezile za milimola 0.2 kuna nanomola 400 za lipidi, na mikrolita 2 za myeyusho wako zina nanomola 4 za asidi oleiki. Hiyo ndiyo asilimia 1 uliyoikokotoa mwanzoni. Soma msingi kwa sekunde 60 huku sumaku ikizunguka. Ongeza mikrolita 2 za ethanoli tupu na usubiri dakika moja. Pasiwe na badiliko. Ongeza mikrolita 2 za asidi oleiki kwa kuishusha ncha ya sindano ya kioo katikati ya mkorogo, si ukutani.

Uwiano utashuka na kutulia katika sekunde chache. Usikimbilie kuandika kasi ya mshuko huo kama kasi ya kupinduka kwa asidi, kwa kuwa ukorogaji wa kawaida huchukua kama sekunde 1 kukamilika, na unachokiona kinaweza kuwa ni kasi ya sumaku yako. Suala hili limewagawa wataalamu. Hamilton na wenzake hushikilia kwamba molekuli isiyo na chaji hupinduka kwa muda mfupi kuliko sekunde, ilhali Alan Kleinfeld na wenzake walipima kwa rangi nyingine na kudai kwamba kupinduka ndiko hatua inayochelewesha safari nzima. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na namna asidi inavyofikishwa kwenye utando. Mwenye kifaa cha kuchanganya kwa milisekunde anaweza kuingia katika ubishi huo; asiye nacho aseme tu kwamba mshuko ulikuwa wa haraka kuliko alivyoweza kupima, na hilo si aibu.

Ukubwa wa mshuko ndio ulio wako. Ulinganishe na 0.07. Rudia kwa asilimia 0.5, 2 na 4 ya asidi, kila mara kwa liposomu mpya, na uchore ukubwa dhidi ya kiasi. Mstari ukinyooka na kupita sifuri, kila molekuli imebeba sehemu yake ya protoni mara moja tu.

Hatua ya sita: albumini, shahidi wa kwanza

Pale asidi ilipotulia, ongeza albumini ya ng'ombe iliyoondolewa mafuta. Albumini haivuki utando, lakini hushika asidi za mafuta kwa nguvu na kuzitoa katika tabaka la nje. Molekuli za ndani hulazimika kufuata: hushika protoni za ndani, hupoteza chaji, hupinduka kwenda nje, na pH ya ndani hupanda ikirudi ilikotoka. Tumia mola za albumini zisizopungua mola za asidi. Kwa nanomola 4 hiyo ni kama miligramu 0.27. Myeyusho wa albumini urekebishwe kwanza hadi pH 7.4, kwa maana protini hiyo ni bafa nzuri na inaweza kuivuruga pH ya nje.

Ushahidi huu una uzito kwa sababu unaonyesha kwamba utando haukuharibika. Kama asidi ingekuwa imeutoboa kama sabuni, rangi ingetoka nje na albumini isingeirudisha. Uwiano ukirudi hadi ulipoanzia, utando ni mzima. Ukizidi pale ulipoanzia, lipidi zako zilikuwa na asidi za mafuta tangu mwanzo, na albumini imezitoa hizo pia. Hapo tupa chupa ya lipidi na ufungue nyingine. Kwa hiyo fanya jaribio la albumini pekee kwa kila toleo jipya la liposomu.

Hatua ya saba: valinomisini, shahidi wa pili

Hapa ndipo kuvuka na kuvuja vinapotengana. Valinomisini hupitisha potasiamu ikiwa na chaji yake, na hivyo hufidia chaji yoyote inayovuka utando. Fanya jaribio la hatua ya tano mara mbili, moja bila valinomisini na moja ikiwepo kwa nanomola 50 kwa lita.

Mshuko wa haraka haupaswi kubadilika. Molekuli isiyo na chaji haihitaji fidia, na ukiona mshuko umekua kutokana na valinomisini, basi kuna protoni zinazoingia zikiwa na chaji zake. Sehemu ya pili ya mchoro ndiyo ya kutazamwa kwa makini: baada ya mshuko, uwiano hupanda taratibu kwa dakika nyingi, kadiri protoni zilizofungiwa ndani zinavyotoka. Ili asidi ya mafuta izitoe kwa mzunguko, ni lazima molekuli yenye chaji hasi ivuke kutoka nje kwenda ndani, ishike protoni, kisha itoke. Mzunguko huo hubeba chaji, kwa hiyo valinomisini huuharakisha. Tofauti ya mteremko baina ya majaribio hayo mawili, ukiondoa tofauti kama hiyo katika liposomu zilizoachwa na pH iliyoshushwa bila asidi ya mafuta, ndiyo kipimo cha uvujaji unaosababishwa na asidi.

Ili kupata namba safi zaidi, tumia mruko wa pH. Ziache liposomu zenye asidi zitulie hadi pH za pande mbili zilingane, kisha uipandishe pH ya nje kutoka 7.4 hadi 7.8 kwa tone moja la hidroksidi ya potasiamu, valinomisini ikiwepo. Utaona mpando wa haraka, unaotokana na asidi isiyo na chaji kujipanga upya baina ya tabaka, na baadaye mpando wa polepole. Ukubwa wa ule wa kwanza hukua kwa kadiri ya asidi uliyoweka. Kasi ya ule wa pili ndiyo mtiririko. Zidisha kasi hiyo, kwa vizio vya pH kwa sekunde, kwa uwezo wa bafa ya ndani na kwa theluthi moja ya nusu kipenyo cha ndani. Kwa HEPES ya milimola 20 katika pH 7.4, uwezo huo ni kama milimola 11.5 kwa kila kizio cha pH, na theluthi ya nanomita 46 ni 1.5 × 10⁻⁶ ya sentimita. Kasi ya 0.01 kwa sekunde inakuwa mtiririko wa kama 1.8 × 10⁻¹³ ya mola kwa kila sentimita mraba kwa sekunde.

Kwa kulinganisha, weka kemikali iitwayo FCCP ya mikromola 0.5 katika liposomu nyingine, urudie mruko huo wa pH. Hiyo ni asidi dhaifu ambayo hata ikiwa na chaji hasi huvuka utando kwa wepesi, kwa sababu chaji yake imesambaa katika molekuli nzima. Mpando wote huwa wa haraka. Mtu akishauona mchoro wa FCCP kando ya ule wa asidi oleiki, hachanganyi tena mambo hayo mawili.

Mlinganisho mwingine usioachwa

Methili oleati ina mkia uleule wa asidi oleiki, lakini kichwa chake kimefungwa na hakina protoni ya kuachia. Ikiwekwa kwa kiasi kilekile isibadilishe pH. Kwa sababu iyo hiyo, mafuta ya nazi yasitumiwe kama chanzo cha asidi lauriki: ingawa karibu nusu ya asidi zake za mafuta ni lauriki, zimefungwa katika trigliseridi, na zilizo huru ni chache na hazina kiasi maalumu. Nunua asidi yenyewe. Lauriki, kwa kuwa mkia wake ni wa kaboni 12, huyeyuka zaidi katika maji, na sehemu yake haiingii katika utando. Palmitiki huganda kwa urahisi katika joto la chumbani na hufika kwa kuchelewa. Asidi ambazo mkia wake una viungo maradufu vingi huoza kwa oksijeni. Anayeanza abaki na oleiki.

Kutoka liposomu kwenda mitokondria

Peter Mitchell alieleza mwaka 1961 kwamba mitokondria, vinu vya nishati vya seli, hutengeneza ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) kwa kutumia tofauti ya protoni baina ya pande mbili za utando wake wa ndani. Chochote kinachorudisha protoni bila kupitia mtambo wa ATP hugeuza nishati hiyo kuwa joto, na asidi za mafuta zimejulikana tangu miaka ya 1950 kwamba hufanya hivyo. Ikiwa katika lipidi tupu molekuli yenye chaji hairudi kwa wepesi, lazima katika mitokondria kuwe na kinachoirudisha. Vladimir Skulachev na wenzake walionyesha kwamba protini inayobadilishana ADP (ATP iliyokwisha kutumika) na ATP hufanya kazi hiyo. Katika mafuta ya kahawia, yale yanayompasha joto mtoto mchanga, kazi ni ya protini iitwayo UCP1. Mwaka 1996 Keith Garlid na wenzake waliielezea kama mrudishaji wa molekuli yenye chaji, na mwaka 2012 maabara ya Yuriy Kirichok huko San Francisco ilipima mkondo wa umeme katika utando wa mitokondria yenyewe na kuonyesha kwamba asidi yenye mkia mrefu hushikwa ndani ya UCP1 na mkia wake, huku kichwa kikipeleka protoni moja baada ya nyingine bila asidi yenyewe kuachiliwa.

Aliyefika hapa ana kifaa cha kuendelea. Ziunde liposomu zilezile zikiwa na UCP1 ndani ya utando wake, urudie mruko wa pH wa hatua ya saba, na utazame sehemu ya polepole: asidi oleiki ikiwepo, mteremko wake unapaswa kuwa mkali zaidi kuliko wa lipidi tupu, na GDP, nukleotidi inayoizuia UCP1, ikiongezwa nje unapaswa kupungua, ila kwa protini zilizopachikwa zikiielekeza ndani sehemu inayoshika nukleotidi, ambazo GDP haizifikii. Pima kwanza ni ngapi zimeelekea upande upi, kabla ya kuandika asilimia yoyote ya uzuiaji.